Duara la Chaki la Mama Japani

Mimi ni mtu wa hasira, na niseme mapema kwamba hasira zilizomo humu ni za kujikasirikia mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi katika duka la spea za magari hapa Naif, Dubai, duka la mwanamke ambaye nusu ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanamjua kwa jina la Mama Japani. Kwenye leseni ya duka ameandikwa jina jingine, lakini nani anasoma leseni? Shuka Naif uulize Mama Japani, hata muuza chai atakuonyesha mlango.

Ana miaka sitini na mitatu, mfupi, nywele amezikata kama mwanafunzi wa skuli, mikono kama ya fundi wa gereji. Kiswahili alijifunza kwa wateja, kwa hiyo kimeokotwa kila pahala: akikukaribisha utadhani katoka Mji Mkongwe, akikukatalia bei utadhani katoka Nairobi. Injini zake hununuliwa kwao Osaka, kwenye yadi yanakovunjwa magari yaliyopata ajali. Zinakuja Dubai kwa kontena, na hapa zinachukuliwa na watu wa Kampala, Mombasa, Dar na Lubumbashi.

Sasa sikiliza desturi ya duka letu, maana kila kitu kilitokana na hiyo. Kontena likifunguliwa ghalani, hakuna mteja anayetoa hata senti mpaka Mama mwenyewe apite. Anazungusha injini kwa mkono, ananusa oili, anatia sikio kwenye mpini wa bisibisi na kusikiliza chuma kinasema nini. Akiridhika anachora duara kwa chaki nyeupe. Kwao Japani duara ndiyo alama ya kusema kitu ni sawa, kama sisi tunavyoweka vema. Siku moja alikuwa na homa, nikachora mimi. Eseza, mama mmoja mnene wa Kampala ambaye hununua injini ishirini kwa mara moja, akainama, akatazama, akaniambia, "Khelef, hili duara ni lako. La Mama huanzia chini." Akakataa kununua. Nilikasirika siku mbili.

Kwa hiyo kwetu tiketi ilifuata kontena. Kontena likichelewa bandarini, na safari ya Mama inachelewa. Kazi ya kusogeza tarehe ilikuwa yangu. Napiga simu kwa wakala wa tiketi Al Baraha, jirani yangu, naye anasogeza. Nimefanya hivyo mara zisizo na hesabu, na Mama hakuwahi kuuliza. Jina lake kwenye tiketi nililiona kila mara: Kang Myongja. Majina ya Kijapani niliyokuwa nikiyajua mimi ni yale yaliyobandikwa nyuma ya magari. Nikadhani na hilo ni mojawapo.

Mimi nami nilikuwa na uongo wangu, tena mzuri, umepigwa pasi. Nimezaliwa Dubai. Navaa kandura nyeupe, kanzu ya wenyeji, kila siku, nasema Kiarabu cha hapa bila kigugumizi, na wateja wakiniita arbab, yaani bosi, sikatai. Wanadhani ni mwenyeji mwenye nchi yake. Ukweli ni kwamba baba alitoka Unguja miaka ya sitini na karatasi zisizotimia, akafa nazo hivyo hivyo, na pasi niliyo nayo mimi ni ya Komoro, nchi ambayo sijaitia mguu. Tulipewa wengi hapa, familia kama zetu zisizo na uraia. Naiweka kabatini chini ya mataulo. Mke wangu Tufaha anajua, watoto wanajua. Dukani hakuna aliyejua.

Januari ya mwaka jana Mama alisema anakwenda kwao kukaa. Mama yake mzazi ana miaka tisini na moja, anaishi peke yake Osaka, ameanza kuacha jiko linawaka. "Nakaa na yeye mpaka mwisho," aliniambia. "Duka unashika wewe. Kontena ikija muhimu, nakuja wiki moja, nachora, narudi." Mimi nikaitikia, nikijiona nimekuwa mkubwa.

Lakini kontena la mwisho likakwama bandarini. Akasogeza safari mara ya kwanza, akasogeza mara ya pili, mwenyewe kwa mdomo wake. Mara ya pili akanitazama na kusema, "Ndege ya usiku wa kuamkia kumi na sita. Hapa basi, Khelef. Isivuke." Nikasema inshallah. Nimemjua miaka kumi na tisa, na kila safari husema isivuke, ikavuka.

Tarehe kumi na nne wakanipigia kutoka bandarini: moja linatoka kesho, na la pili, ambalo hatukulitarajia kabla ya mwisho wa mwezi, linatoka kumi na saba. Eseza na wenzake wanane walikuwa tayari wamelala hoteli za Naif wakilisubiri. Sikufikiri hata dakika. Nikampigia wakala, nikasogeza tiketi ya Mama hadi kumi na nane. Nikapanga kumwambia akishamaliza kuchora, afurahi.

Tarehe kumi na tano alichora tangu asubuhi. Baada ya alasiri akanawa mikono, akalivuta sanduku lake lililokuwa limesimama mlangoni mwa ghala, akasema, "Khelef, nionyeshe tiketi."

Nikacheka. "Mama, tulia. Nimekusogezea mpaka kumi na nane. La pili linatoka kesho kutwa. Eseza hatoki Dubai bila duara lako."

Kipande cha chaki kilikuwa bado mkononi mwake. Akakivunja.

"Rudisha."

"Mama, sikiliza..."

"Rudisha sasa hivi! Yalla!"

Hakuwahi kunipigia kelele. Nikampigia wakala palepale. Kiti cha usiku kilikuwa kimeshauzwa, na watu wanne wanangoja mtu aghairi. Za kupitia nchi nyingine zote zinafika tarehe kumi na saba. Iliyobaki ni moja tu, ya kesho asubuhi kwenda Tokyo: inaondoka saa moja na dakika arobaini, inafika kule saa nne na nusu usiku wa tarehe kumi na sita. Nikaikata hiyo, lakini uso wa Mama haukurudi rangi.

Hapo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka najitafuna. Nikasema, "Kwani kuna nini, Mama? Mjapani akichelewa siku mbili kwenda kwao, nani atamfungia mlango?"

"Mimi si Mjapani," akasema.

Nilicheka tena, nikidhani ni hasira. Akafungua mkoba wake akanipa pasi. Ilikuwa ya Korea Kusini. Nikaigeuza mbele na nyuma.

"Umetoka Korea?"

"Sijawahi kuishi Korea hata mwezi mmoja. Nimezaliwa Osaka, nimesoma Osaka, mume wangu nimemzika Osaka."

Akakaa juu ya kreti na kunieleza kwa Kiswahili chake cha dukani, na mimi nimesimama kama mtu aliyeshikwa na askari. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Jeju wakiwa watoto, pamoja na wazazi wao, wakati Japani inaitawala Korea. Waliambiwa ni raia wa mfalme wa Japani, wakaenda kufanya kazi viwandani. Vita vikaisha, Japani ikashindwa, wakaambiwa nyinyi si raia tena. Kule ukizaliwa hupewi uraia kwa sababu umezaliwa, unafuata damu ya wazazi. Basi mtoto ni mgeni, na mtoto wa mtoto ni mgeni. Skuli aliitwa Nagata, jina la Kijapani, ili asipigwe mawe. Alipofika miaka kumi na minne akatiwa wino kidole na kubandika alama serikalini, kama mwizi.

"Si ungeomba uraia?" nikauliza.

"Wengine wameomba, wamepata. Mama yangu alisema, niombe kitu walichoninyang'anya? Nami nikaona nikiomba nitakuwa nimemwambia ana makosa." Akatoa kadi ndogo. "Lakini tuna hii. Haki ya kuishi kule, maisha yote. Sharti moja. Nikitoka bila kuomba kibali kirefu, nina miaka miwili ya kurudi. Mimi nilitoka tarehe kumi na sita Januari, mwaka juzi, na tangu hapo sijakanyaga kule. Kesho, saa sita usiku ya kule, miaka miwili imekwisha. Nikichelewa, kadi khalas. Naingia kama mtalii, siku tisini, halafu natoka. Na mama yangu namwacha na jiko lake."

Na badala ya kuomba radhi, mimi nikawaka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia isivuke."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Ningekwambia, ungenyamaza? Kesho Naif yote inajua. Nani anakuja kununua injini ya Japani kwa Mama Korea?"

Mimi, mwenye pasi chini ya mataulo, ndiye niliyekuwa nikimuuliza mtu kwa nini anaficha.

Asubuhi nikamchukua kwa gari langu kutoka kwake. Tulipofungua mlango wa nyumba hatukuiona barabara. Ukungu. Dubai ina siku chache kama hizo kwa mwaka, za Januari na Februari, jangwa linatoa mvuke mpaka huoni taa ya gari lililo mbele. Niliendesha kichwa changu kikiwa nje ya dirisha. Mama aliishika kadi yake mkononi njia nzima.

Kwenye kaunta kulikuwa na binti wa Kikenya, Lynette, jina limebandikwa kifuani. Aliangalia pasi, akaangalia kompyuta, akaangalia pasi tena.

"Mama, return ticket iko wapi? Na passport ya Korea bila visa, system inataka ticket ya kurudi."

"Mimi narudi nyumbani," akasema Mama. "Hii ni kadi."

Lynette hakuwa amewahi kuiona kadi ya namna ile. Akaenda kumwita mkubwa wake. Tukasimama pale dakika kumi na mbili, nazijua kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya ukutani kama mgonjwa anavyoangalia sindano. Mkubwa akaja, akapiga simu, akasoma kadi upande wa pili, akatikisa kichwa kukubali. Lynette akamrudishia pasi kwa mikono miwili. "Pole sana Mama. Sikujua kuna watu wa hivyo."

"Wapo wengi," Mama akajibu, akachukua sanduku lake dogo akaenda. Hakuniaga.

Kutoka saa nne na nusu mpaka saa sita ni dakika tisini. Hiyo ndiyo nafasi yote aliyokuwa nayo. Saa moja na dakika arobaini ilipita, ndege haikuondoka. Akaniandikia: *Tumekaa ndani. Ukungu.* Saa mbili: *Bado.* Saa mbili na nusu: *Rubani anasema tusubiri.* Nilikuwa nimesimama kwenye maegesho, nikiutukana ukungu kwa lugha tatu. Saa tatu kasoro dakika mbili ndipo ikaruka. Dakika sabini na nane zilikuwa zimeliwa.

Siku ile sikufungua duka. Nilikaa nyumbani Al Baraha nikiifuata ile ndege kwenye simu, kidude cha manjano kikitambaa juu ya Iran, juu ya China, na kila nikipiga hesabu napata jibu lile lile: inafika ikibaki dakika kumi na mbili. Eseza alipiga simu mara sita kuuliza ghala litafunguliwa saa ngapi. Sikushika. Tufaha akaniletea chakula, akakiondoa kimepoa, akaleta kingine.

"Umemfanya nini huyo mama wa watu?" akaniuliza.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, sahani mkononi.

"Na yeye anajua yako?"

"Yangu ipi?"

"Khelef, usinifanye mtoto."

Magharibi nilisali nyumbani, na sijui nilisoma nini. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na nane kidude kikasimama Tokyo. Nikapiga. Akashika kwa mlio wa pili, akihema, magurudumu ya sanduku yanapiga kelele sakafuni.

"Nakimbia," akasema.

"Usikate simu!"

Nilisikia ngazi za umeme, nikasikia tangazo la Kijapani la sauti ya mwanamke mpole, nikasikia pumzi zake. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Halafu pumzi zikasimama.

"Foleni," akasema. "Ndege nyingine imeshuka pamoja na sisi. Watu ishirini mbele yangu."

"Waombe wakupishe!"

Akanyamaza.

"Mama! Waombe! Sema una shida, sema mama yako mgonjwa, sema chochote!"

Bado kimya. Nikaelewa, na nilitamani nisielewe. Maisha yake yote amejifunza kutosikika katika foleni ile. Amejifunza kusimama kama wengine, kuitwa Nagata, kutomfanya mtu ageuze kichwa. Nami nilikuwa namtaka apaze sauti katikati ya watu na kusema kadi yake inakufa kwa sababu yeye si mmoja wao.

"Mama, nakuomba," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosa. Nakuomba."

Basi akasema. Kwanza chini, halafu kwa sauti. Sikujua maneno lakini nilijua ni yeye, sauti ile ile ya kukatalia bei, ikitetemeka. Nikasikia minong'ono, nikasikia magurudumu yakisogea. Walimpisha, wengine. Halafu sauti ya mwanamume, kali, karibu, na Mama akaniambia, "Anasema zima simu." Ilikuwa saa moja kasoro dakika mbili.

Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Tufaha alikaa karibu yangu, na hana kawaida hiyo. Adhana ya isha ikapita. Saa moja na dakika ishirini na tano simu ikawaka, ujumbe mmoja tu.

*Saa sita na dakika nne.*

Nililia. Siyo kwa heshima, nililia kama mtoto aliyevunja chombo cha watu. Dakika nne! Kwenye kaunta Dubai tulisimama kumi na mbili, ukungu ulikula sabini na nane, na mimi niliiba siku mbili nzima kwa ajili ya duara la chaki.

Alikaa Osaka siku zake tisini na mama yake. Wakili alimwambia anaweza kuomba upya, kwa njia ya wageni, na itachukua muda wake. Ile kadi aliyozaliwa nayo hairudi. Akamtafutia mama yake mtu wa kumtunza, akarudi Dubai katikati ya Aprili kusubiri majibu.

Siku aliyorudi nilifika ghalani kabla yake. Nilikuwa nimejipangia maneno ya radhi usiku kucha, na alipoingia yote yakanitoka. Nikachomoa pasi yangu kwenye mfuko wa kandura nikaiweka mbele yake, juu ya kreti.

Akaisoma polepole. "Komoro," akasema. "Ni nchi gani hii?"

"Visiwa."

"Pazuri?"

"Sijawahi kufika."

Akaitazama kandura yangu kutoka shingoni mpaka miguuni, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nami nikacheka, ingawa macho yalikuwa yananiuma. Kisha akapangusa uso kwa mkono wa shati, akasema, "Khelef, unajua nini kiliniumiza? Si dakika nne. Yule afisa alikuwa anazungumza na mimi Kijapani vizuri, lahaja ya Osaka kama mimi. Alipoona tarehe imepita, akaweka kadi pembeni, akafungua pasi ya Korea. Halafu akaniuliza kwa Kiingereza: umekuja kutembea kwa siku ngapi?"

Mara Eseza akaingia na sauti yake ya kuamsha mtaa.

"Mama Japani! Umetutupa miezi mitatu! Huyu Khelef anatuchorea maduara yake ya ovyo!"

Mama akachukua chaki. "Eseza," akasema, "mimi si Mjapani. Mimi Mkorea."

Nilishika kreti. Eseza alisimama, mkoba begani, akamtazama.

"Mkorea? Si ulisema umezaliwa Osaka?"

"Ndiyo. Osaka."

Eseza akaipiga kofi injini iliyokuwa karibu naye. "Na hii je?"

"Nayo imetengenezwa Osaka."

"Kwa hiyo na hii si ya Japani?"

Mama akainama juu ya ile injini, akaizungusha kwa mkono, akanusa, akasikiliza. Akachora duara, akianzia chini.

"Hii ya Japani," akasema. "Chukua."